Geuza Beji Usome Mgongo Wake

Matanga yakiisha, sanduku la marehemu hufunguliwa. Shamba lina mrithi wake, nyumba ina mrithi wake, hata koti na redio havikosi mwenyewe. Chini kabisa, ndani ya kopo la maziwa, hubaki vitu ambavyo hakuna anayevigombania: funguo zisizo na kufuli, sarafu ambazo hazitumiki tena, na beji mbili tatu za kifuani zilizokwisha kung'aa. Beji hizo hupewa mtoto achezee, au huondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mitaani na mizani yake. Kwa Songea hii ni hasara kubwa, na makala haya yanaandikwa ili hasara hiyo ipungue.

Kijana wa miaka ya 1950 na 1960 katika wilaya hii hakuacha shajara. Alipigwa picha mara chache, na jina lake halikuingia vitabuni. Lakini alipojiunga na TANU Youth League, na Skauti, au na chama cha vijana wa kanisani, alitoa ada, akapewa kadi, na akibahatika akapata na beji. Kadi ni karatasi. Mchwa, moshi na mvua zimezimaliza nyingi. Beji ni chuma, imebaki. Anayejua kuisoma anaweza kuukaribia sana mwaka wake, na kuirudishia familia kipande cha maisha ya babu au bibi ambacho hakuna aliyekuwa amekiandika.

Vijana waliotangulia Azimio

Naanza na beji za TANU Youth League kwa sababu Songea ina historia na umoja huo wa vijana ambayo miji mingi haina. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na umoja wake wa vijana ukafuata mwaka 1956. Mwaka 1960, Uhuru ukiwa bado haujapatikana, kikundi cha wanachama wa umoja huo hapa Songea, kikiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kiliingia porini Litowa kuanzisha kijiji cha kuishi na kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilikwama. Wakarudi tena, na mara hii kijiji kikasimama. Vijiji vingine vikafuata mfano, na mwaka 1963 vikaungana katika Ruvuma Development Association, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, RDA. Mwaka huohuo Mwingereza Ralph Ibbott alihamia Litowa na familia yake, akawa mshauri wao. Vijiji vya RDA vilifikia 17. Shule ya Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, iliwafundisha watoto kwa kuwashirikisha katika kazi za kijiji chao, nayo ilikuwa ikifanya hivyo kabla ya Mwalimu Nyerere kutoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967.

Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967. Vijana wa Songea walikuwa wamekwisha kushika jembe la pamoja zaidi ya miaka sita. Kisha, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ikaamua kuivunja RDA, na mali zake zikachukuliwa.

Ndiyo maana beji ya TANU Youth League iliyotoka katika nyumba ya Litowa haipaswi kuwekwa fungu moja na beji ya chama hichohicho iliyookotwa Kariakoo, Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 1968 vijana wa chama hicho Dar es Salaam walipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, nayo Operesheni Vijana ikaanza kutekelezwa Januari 1969. Mmoja alivaa nembo ya chama akipalilia mahindi ya kijiji, mwingine aliivaa akikagua mavazi ya abiria wa basi. Uso wa beji hauwezi kukueleza tofauti hiyo. Mahali ilipopatikana, jina la aliyeivaa na mwaka wake ndivyo vitakavyoeleza, na kati ya hivyo vitatu, mwaka ndio ambao chuma chenyewe kinaweza kuutoa.

Jina na rangi

Watu wengi wakiona neno TANU hudhani wameshika kitu cha kabla ya Uhuru, au walau cha kabla ya Muungano, kwa kuwa herufi ya kwanza ni ya Tanganyika. Hapo hupotea miaka mingi. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliunganisha nchi, haukuunganisha vyama. TANU iliendelea Bara na Afro-Shirazi ikaendelea Visiwani hadi vilipoungana na kuzaa CCM tarehe 5 Februari 1977. Kwa hiyo beji yenye TANU inaweza kuwa ya siku yoyote ndani ya miaka zaidi ya ishirini. Kwa upande mwingine, beji iliyoandikwa Umoja wa Vijana wa CCM haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko mwaka 1977, hata ikiwa imechakaa kiasi gani. Uchakavu hutokana na jasho, moshi na mahali ilipohifadhiwa, na beji ya mwaka 1980 iliyokaa jikoni huonekana kuukuu kuliko ya 1958 iliyofungwa ndani ya kitambaa kabatini.

Neno TANGANYIKA likiandikwa kwa ukamilifu katika beji ya chama kisichokuwa cha siasa, hilo ni jambo jingine. Jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi tarehe 29 Oktoba 1964. Skauti au Girl Guides waliotengeneza beji mpya baada ya hapo hawakuwa na sababu ya kuandika Tanganyika. Lakini hata hapo pana tahadhari: akiba ya ghalani haitupwi. Katibu aliyekuwa na beji mia moja za zamani aliendelea kuzigawa hadi zikaisha. Kanuni ambayo wanaochunguza beji huishika ni kwamba alama mpya inakupa mwaka wa mapema kabisa ambao kitu kingeweza kutengenezwa. Haikupi mwaka wa mwisho wa kuvaliwa.

Rangi nazo zina kauli yake. Bendera ya TANU ilikuwa na mistari mitatu iliyolala: kijani, nyeusi, kijani. Bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ilichukua mistari hiyo na kuitenganisha kwa michirizi ya dhahabu. Bendera ya Muungano, yenye mstari mweusi unaokatiza mshazari kati ya kijani na bluu, ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964. Ukiona mshazari huo katika beji, usihangaike na miaka ya kabla yake.

Kuna mtego katika mistari ya dhahabu, na unastahili kuelezwa vizuri. Beji za enameli, yaani zile za rangi ya kioo iliyounguzwa juu ya chuma, hutenganishwa rangi zake kwa kuta nyembamba za chuma. Chuma kikiwa cha shaba au kimepakwa dhahabu, kuta hizo huonekana kama mistari ya manjano. Beji ya TANU yenye kijani, nyeusi na kijani hugeuka, kwa jicho la haraka, kuwa bendera ya Tanganyika. Dawa yake ni kupima upana. Ukuta wa kutenganisha rangi ni mwembamba kama uzi, na utauona pia ukizunguka kila herufi na kila ukingo wa rangi. Mchirizi wa bendera una upana wake wenyewe, unaoonekana kuwa umekusudiwa. Beji moja iliyosomwa vibaya hapa inahamishwa kutoka siku za mapambano hadi siku za sherehe, au kinyume chake.

Kwa upande wa Zanzibar, Afro-Shirazi, iliyoanzishwa tarehe 5 Februari 1957, ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani. Jembe na nyundo vya manjano juu ya kijani ni vya CCM.

Taji la mfalme na taji la malkia

Skauti waliingia Zanzibar mwaka 1912 na Bara mwaka 1917, na umoja wao wa hapa ukajiunga na shirika la dunia mwaka 1963. Baden-Powell mwenyewe, aliyeanzisha harakati hizo Uingereza mwaka 1907, alimalizia maisha yake jirani, Nyeri nchini Kenya, alikofariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa. Alama ya Skauti ni ua la yungiyungi lenye ncha tatu, na ya Girl Guides ni jani lenye sehemu tatu za mviringo. Alama hizo mbili zimebadilika kidogo sana, na kwa hiyo peke yake hazitoi mwaka.

Taji linatoa. Beji nyingi za enzi ya Waingereza zilizogusa serikali, na za Skauti wa ngazi ya juu walioitwa Skauti wa Mfalme, zilikuwa na taji juu. Tangu mwaka 1901 taji lililochorwa lilikuwa na matao yanayopanda kwa mviringo mmoja mpaka kileleni. Mfalme George wa Sita alifariki Februari 1952, binti yake Elizabeth akatawazwa tarehe 2 Juni 1953, naye akachagua mchoro wa taji jingine, ambalo matao yake hubonyea katikati pale yanapokutana. Shika beji, tazama kilele cha taji. Kikiwa cha mviringo, mchoro ni wa wakati wa wafalme. Kikibonyea, ni wa Malkia. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, Malkia hakuwa tena mkuu wa nchi, na taji likakosa mahali katika alama zetu.

Pamoja na taji, tazama twiga. Kichwa cha twiga kilikuwa nembo ya Tanganyika chini ya Waingereza. Twiga tumebaki naye, kwa hiyo asikuharakishe. Lakini kichwa cha twiga ndani ya duara, pamoja na taji, kinakurudisha kabla ya Uhuru.

Mgongo hausemi uongo

Uso wa beji hutengenezwa ili utazamwe, na anayeagiza anaweza kuandika juu yake chochote anachotaka, ukiwemo mwaka wa kuanzishwa kwa chama. Beji iliyoandikwa 1954 inaweza kuwa imetengenezwa mwaka 1974, chama kilipotimiza miaka ishirini. Mwaka ulioandikwa mbele mara nyingi ni wa tukio linaloadhimishwa. Nyuma ndiko fundi alikoacha alama za kazi yake bila kufikiria kwamba zingetazamwa.

Kwanza tazama namna inavyoshikizwa. Zipo beji zenye kipande cha chuma cha umbo la mwezi mwandamo nyuma yake. Hiki kilitengenezwa kipenye kwenye tundu la kifungo katika kola ya koti, nacho kilikuwa mtindo wa kawaida wa viwanda vya Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kikaendelea miongo kadhaa baadaye. Mtu wa beji ya namna hii alikuwa na koti, au alitarajiwa kuwa nalo. Nyingine zina sindano inayolala na kuingia kwenye ndoano. Ndoano ikiwa wazi kabisa, bila kifungio cha kuzungusha, huenda ni ya zamani zaidi, ingawa viwanda vya bei nafuu viliendelea kuitumia muda mrefu. Kisha kuna mwiba mfupi unaochomoza moja kwa moja, unaobanwa kwa kishikizo chenye mabawa mawili ya kubonyeza. Huo ulienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na kufikia miaka ya 1970 ulikuwa kila mahali. Beji ya mwiba na mabawa ikidaiwa kuwa ya mwaka 1930, omba ushahidi mwingine. Kishikizo cha mpira laini ni cha karibuni zaidi.

Hapo pia angalia kama mshikizo ni wa asili. Mafundi wetu wamelehemu sindano nyingi zilizokatika, na tone kubwa la risasi ya kulehemu lisilolingana na kazi nyingine linaonyesha marekebisho. Mimi siihesabu hiyo kuwa kasoro. Beji iliyotengenezwa upya ili ivaliwe tena ilipendwa.

Baada ya mshikizo, tafuta maandishi madogo. Beji nyingi za nchi zilizotawaliwa na Uingereza zilitoka Birmingham, jiji lililokuwa na mtaa mzima wa mafundi wa vito na medali. Majina kama J. R. Gaunt, Fattorini, H. W. Miller na W. O. Lewis yanaweza kuwa yamegongwa nyuma kwa herufi ndogo zinazohitaji kioo cha kukuzia. Jina la kiwanda likiambatana na anwani yake, mwaka unaweza kupunguzwa zaidi, kwa kuwa viwanda vilihama na kubadilisha majina. Na majina ya nchi yana mipaka iliyo wazi kabisa: kitu kilichoandikwa kuwa kimetengenezwa Ujerumani Magharibi ni cha kati ya 1949 na 1990, kwa kuwa kabla na baada ya hapo hapakuwa na nchi ya jina hilo.

Rangi iguswe kwa ukucha. Enameli ya kweli ni ngumu, iko sawasawa na kuta za chuma, na ukucha unateleza juu yake bila kukwama. Rangi laini ya kumimina hukaa chini ya kuta hizo, na ukucha unahisi mabonde. Beji yenye tone la plastiki safi lililofunika uso wote na kuvimba kidogo haitoki miaka ya Uhuru. Ufundi huo ulienea baadaye. Zile nyepesi za bati, zenye picha ya karatasi iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba ya seluloidi, zilipata hataza Marekani mwaka 1896 kupitia kampuni ya Whitehead and Hoag ya Newark, na kwa kuwa zilikuwa rahisi, vyama vya siasa duniani kote vilizipenda kwa picha za viongozi. Hizo ndizo zinazokufa upesi zaidi hapa kwetu. Unyevu ukipenya chini ya seluloidi, karatasi hupata madoa ya kahawia na uso wa kiongozi hupotea.

Zilizovuka mpaka

Mkoa wa Ruvuma umepakana na Msumbiji kusini na Ziwa Nyasa magharibi, na wageni wake hawakuja mikono mitupu. Beji ya jogoo ikionekana Songea au Mbamba Bay, wengi husema mara moja kwamba ni ya KANU ya Kenya. Jogoo ni alama ya KANU kweli, chama kilichoundwa mwaka 1960. Lakini Malawi Congress Party, kilichoundwa mwaka 1959 ng'ambo ya ziwa, nacho alama yake ni jogoo, na vyama vyote viwili vilitumia nyeusi, nyekundu na kijani. Kwa mtu wa mwambao wa Nyasa, Malawi ni jirani anayefikiwa kwa boti, Kenya ni safari ya siku kadhaa. Soma maandishi, na usipoyapata, fuata maji. Jembe nalo lilikuwa alama ya UNIP ya Zambia, kwa hiyo jembe peke yake, bila nyundo, lisikupeleke moja kwa moja kwenye chama cha hapa.

Wamsumbiji waliishi kwetu miaka mingi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vita vikaanza Septemba 1964, na mkutano mkuu wake wa pili ulifanyika Julai 1968 huko Matchedje, mkoani Niassa, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Umoja wa vijana wa Msumbiji, OJM, uliundwa mwaka 1977, baada ya nchi hiyo kupata uhuru mwaka 1975. Beji yenye herufi OJM kwa hiyo haikuvaliwa na mkimbizi wa miaka ya vita vya ukombozi. Iliingia baadaye, kwa ndugu waliorudi kutembelea waliowaacha huku.

Kisha kuna zile zilizotoka mbali. Vijana wetu walikwenda kusoma Moscow, Leipzig na Berlin, na wengine walihudhuria matamasha ya dunia ya vijana na wanafunzi: Moscow 1957, Helsinki 1962, Sofia 1968, Berlin Mashariki 1973, Havana 1978, Moscow tena 1985. Beji za matamasha hayo ni rahisi kwa mchunguzi, kwa kuwa mji na mwaka vimeandikwa mbele, na hapa mwaka ulioandikwa ndio mwaka wenyewe. Nyingi zina ua lenye petali za rangi tano. Beji za umoja wa vijana wa Kisovieti, Komsomol, zina kichwa cha Lenin juu ya bendera nyekundu. Na beji nyingi za Kisovieti ziligongwa bei nyuma, kwa kopeki, herufi к ikifuata tarakimu. Ukiona bei mgongoni, umekwisha kuijua nchi. Ya vijana wa Ujerumani Mashariki, FDJ, ina jua linalochomoza juu ya bluu. Umoja huo uliundwa Machi 1946.

Beji nyekundu za alumini zenye uso wa Mao Zedong ni nyepesi hata ukiziweka kiganjani husikii uzito. Nyingi mno zilitengenezwa kati ya 1966 na 1969, katika Mapinduzi ya Utamaduni, na ndiyo miaka ambayo uhusiano wetu na China ulikuwa ukishika kasi, ujenzi wa reli ya TAZARA ukianza mwaka 1970. Nyuma huwa na maandishi ya Kichina yanayotaja kiwanda au kikosi, mara nyingi pamoja na mwaka. Msomaji yeyote wa Kichina, na siku hizi hawakosekani, atakusomea kwa dakika moja.

Medali za kanisani nazo zimejaa makopo ya Songea, kwa kuwa Wabenediktini wapo Peramiho tangu 1898. Medali ya kuvaliwa shingoni ina kitanzi juu. Beji ya chama ina sindano. Chama cha vijana Wakatoliki wafanyakazi, VIWAWA, kina asili yake katika harakati zilizoanzishwa Ubelgiji na padri Joseph Cardijn mwaka 1925, na beji za vyama vya namna hii zinastahili mpangilio wake, zisichanganywe na medali za sala.

Wala tusidhani uzee umeishia kwa babu zetu. Vilabu vya 4-K vya Kenya, vilivyoanza 1962 kwa maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vya mwaka 1968. Vilabu vya Malihai vilivyoanza hapa kwetu mwaka 1980. Roots and Shoots, iliyoanzishwa Dar es Salaam na Jane Goodall mwaka 1991: beji zao zimo katika sare za shule za watu ambao leo ni wazazi, wengine wajukuu wanawaita babu. Hakuna anayezihifadhi, kwa sababu zinaonekana za jana.

Muulize angali hai

Chuma kina mwisho wa maelezo yake. Kinaweza kukupa miaka kumi, pengine mitano. Mtu aliyeivaa anakupa mwezi. Na wazee waliojiunga na TANU Youth League kabla ya Uhuru walio hai leo, wengi wao ni watu wa umri wa miaka themanini na zaidi.

Kuna namna ya kuuliza. Ukiweka beji mezani na kusema, "Shikamoo babu, hii ni ya mwaka gani?" utapata jibu fupi, na pengine la kubahatisha, kwa kuwa mzee hataki kukunyima. Muulize mambo ambayo hayahitaji tarakimu. Ulipopewa hii, babu, ulikuwa umeshaoa? Mtoto gani alikuwa amezaliwa? Ada ulilipa kwa shilingi zenye picha ya mfalme, au ya Mwalimu? Barabara ya Makambako ilikuwa ya lami? Nani alikuwa katibu wa tawi? Na bibi aulizwe peke yake, si mbele ya babu akimsaidia kukumbuka. Wanawake walikuwa wanachama kwa haki yao wenyewe, na beji nyingi zinazohesabiwa kuwa za mume ni za mke.

Baada ya maneno, tafuta picha. Picha ya studio ya mwaka unaojulikana, yenye beji kwenye kola, inafunga mjadala: beji ilikuwepo siku hiyo. Kadi ya chama ikipatikana, andika namba na tarehe ya kujiunga, na usiitenganishe na beji hata siku moja.

Ombi langu la nguvu linahusu usafi. Usisugue. Majivu na limau, mchanga, steelwaya ya kusugulia sufuria, dawa ya kung'arishia viatu, vyote hivyo huondoa mpako wa dhahabu na kufuta maandishi ya fundi nyuma, ambayo ndiyo uliyokuwa ukiyatafuta. Ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kutu ya kijani ya shaba ikionekana, iache kavu, mbali na jiko, katika karatasi safi au kitambaa cha pamba. Mifuko ya plastiki hufungia unyevu, na kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya Songea haina huruma. Piga picha mbele na nyuma kwa simu, rula ikiwa kando, mwanga ukitoka ubavuni ili herufi zilizogongwa zitoe kivuli. Kisha andika katika karatasi: jina la aliyeivaa, kijiji, chama, namna ulivyoipata, na sababu za kila mwaka unaoukisia. Sababu ni muhimu kuliko mwaka. Anayekuja baadaye akiona sababu ataweza kukusahihisha. Akikuta tarakimu tupu hana pa kushika.

Songea tunajua kutunza kumbukumbu tukiamua. Kila Februari mji huu humkumbuka Nduna Songea Mbano na mashujaa wenzake walionyongwa mwaka 1906, na Makumbusho ya Majimaji hapo Mahenge yanatunza silaha na vitu vya Vita vya Majimaji. Vijana wa 1960 waliokwenda Litowa hawana mnara wala kabati lao. Historia yao iliandikwa zaidi na wageni, na wahusika wenyewe wanaondoka mmoja baada ya mwingine.

Nawaomba makumbusho, maafisa utamaduni wa manispaa na wilaya, na walimu wa historia wa sekondari zetu watenge siku moja kila mwaka ambayo familia zitaleta beji, kadi na picha, zipigwe picha, ziandikwe, na zirudi nyumbani na wenyewe siku hiyohiyo. Hakuna haja ya kumnyang'anya mtu urithi wake ili taifa lipate kumbukumbu. Nawe msomaji, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, fungua kopo, geuza kila beji, na umpelekee mzee wako akuambie ilikuwa ya nani.